Pipa la Sungura Halikuwa Kosa la Bwana Pua

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Bwana Pua anastaafu baada ya kulitumikia duka letu la chakula cha wanyama kwa miaka thelathini na moja na miezi minne. Aliingia akiwa mbeba magunia, anatoka akiwa mpokeaji wa mizigo, na hapo katikati alikuwa mkuu wa stoo kwa miaka sita. Kwa nini ukuu huo ulikatika nitaeleza huko chini, maana ndiyo sababu nimekubali kuandika. Ofisi ilitaka karani aandike kwa kuwa amesoma. Nikasema hapana. Karani ana miaka miwili hapa. Mimi nina ishirini na sita kwenye mizani, nikipima na kufungasha, na darasa langu la nne linatosha kuandika jambo lililotokea. Yeye achape tu, na sentensi zangu aziache zilivyo.

Jina lake kamili mtalisikia akipewa cheti. Sisi tunamwita Bwana Pua, na si kwa ukubwa wa pua yake, ingawa nayo si ndogo. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza. Lori lilileta pumba, magunia makavu, kamba zimefungwa vizuri, dereva ana haraka zake. Kijana yule akafungua gunia moja, akaingiza kichwa mpaka mabegani, akatoka na kusema pumba hizi zimesafiri na mafuta ya taa. Dereva akaapa kwa mama yake na kwa mama wa mama yake. Wakafunua turubai, wakakuta dumu limelala ubavu kule mbele, kizibo hakipo, na magunia tisa yamelowa kwa chini. Dereva akaondoka na mzigo wake bila kuaga. Tangu siku hiyo hakuna gunia lililopita mlangoni kabla ya kunuswa.

Nyumbani mkewe amempiga marufuku kunusa chungu kabla hajapakua. Mpishi wetu wa kantini alishawahi kumnyang'anya sahani mbele ya watu, akamwambia kama hamwamini aende akale kwa daktari wa wanyama. Bwana Pua aliomba radhi, akarudishiwa sahani, akageuka upande akainusa tena. Nilimwona.

Kazi yake ilikuwa hivi, na nyie wapya mnaopokea mizigo huku mnachungulia simu someni vizuri. Anachota konzi mbili za chakula, anazimwaga kwenye trei nyeupe, anazitandaza kwa kiganja karibu na dirisha. Anatafuta mabonge, utando kama wa buibui, ukungu wa kijivu au wa kijani, wadudu, na rangi isiyofanana na wenzake. Chakula cha sungura, zile peleti fupi za kijani, kikiwa kizima kinanukia majani makavu. Kikinuka kama nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa kabatini, kimeota ukungu. Kikinuka mafuta ya zamani, kimechacha. Halafu anachukua peleti moja anaivunja kwa kucha. Ikikatika kavu, sawa. Ikipinda, imekunywa maji, na gunia zima linarudi lilikotoka. Akimaliza anasoma lebo, tarehe na namba ya toleo, anaziandika kwenye daftari. Na kwa kila gunia anajaza chupa moja ndogo, anaifunga, anaibandika karatasi, anaiweka kwenye rafu ya juu mpaka gunia lile liuzwe liishe na upite mwezi mwingine. Rafu hiyo tuliiita mahakamani.

Alikuwa na sheria nyingine, na hii ndiyo iliyonikera. Pipa haliongezewi. Likikaribia kuisha unalimaliza, unamwaga kilichobaki chini, unalifuta kwa kitambaa kikavu, ndipo unamimina gunia jipya. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akikung'uta mfuko wa unga mara tatu. Kuona mtu mzima anamwaga chakula kulinikata maini. Nilimsema mbele ya wateja, nikamuuliza nani alimlea, nikamwambia hajawahi kulala njaa ndiyo maana. Yeye anacheka tu na kufuta pipa. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa sijui, na nilikuwa na mdomo mrefu kuliko ninayoyajua.

Sasa nakuja kwenye lenyewe.

Miaka kumi na moja iliyopita, wiki moja ya mvua, Bwana Pua alishikwa na mafua mabaya. Macho mekundu, pua imeziba, anapumulia mdomo kama aliyetoka mbio. Tukamtania kwamba duka limepata msiba. Jumanne asubuhi akaenda zahanati. Kabla ya kutoka alinielekeza kwamba pipa la sungura likiisha niwaambie wateja wasubiri, atafungua gunia jipya mwenyewe akirudi.

Pipa likabaki na kidogo, na foleni ikafika mlangoni. Pembeni kulikuwa na pipa la vifaranga, nalo chini kabisa limebakiwa na kama makopo matatu ya chembechembe za manjano. Chakula kile cha vifaranga kina dawa ndani yake, ya kuzuia kuhara damu. Nilijua kina dawa. Imeandikwa kwenye gunia kwa herufi kubwa, na kusoma najua. Nikawaza hivi: Bwana Pua akirudi atakimwaga hiki, ni dhambi. Na sungura nao huharisha. Dawa ni dawa, itawafaa. Nikachekecha vumbi, nikamimina makopo yote matatu kwenye pipa la sungura, nikakoroga kwa mkono, nikapima, nikafungasha. Foleni ikaisha. Nilijiona mjanja. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Dawa inayomponya kifaranga inaweza kumuua sungura. Sikuuliza. Mtu wa kumuuliza alikuwa umbali wa mitaa miwili, amekaa kwenye benchi la zahanati anasubiri kuitwa.

Jumatatu iliyofuata akaja fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Mnamjua, yule mrefu mwenye miwani ya kamba. Alikuwa na sungura wanne aliowafuga ndani ya karakana yake, wanarukaruka kwenye vipande vya vitambaa, na wateja wanaokwenda kupimwa nguo wanawapa karoti. Hawakuwa wa kuliwa. Ni mjane, watoto wako mbali, na wale ndio waliokuwa wakimpokea mlangoni. Alimleta mmoja ndani ya koti la mteja lisilokwisha kushonwa. Shingo imelegea, kichwa hakinyanyuki, miguu ya nyuma inaburuta. Hajala tangu jana yake, na hata choo hakupata.

Nilikuwa kwenye mizani yangu. Nilimwona yule sungura nikajua. Sikungoja kipimo cha maabara.

Bwana Pua hakupoteza muda. Alimuuliza wanakula nini, tangu lini, na wengine wakoje. Akamwambia aondoe chakula chote kwa wote wanne, wagonjwa na wazima, asiwape hata punje, awape majani makavu na maji safi, na amkimbize huyu kwa daktari wa wanyama saa hiyo hiyo, kwa sababu sungura asiyekula siku nzima hana siku nyingine ya kusubiri. Akamwomba asitupe pakiti. Fundi alikuwa nayo mkobani. Bwana Pua akaimwaga kwenye trei nyeupe dirishani, na kwa ncha ya kisu akaanza kutenga, kijani huku, manjano huku. Akapanda ngazi akashusha chupa ya gunia lile kutoka mahakamani. Akaimwaga pembeni. Kijani tupu. Basi kiwanda hakina kosa, gunia liliingia safi. Uchafu umeingilia humu ndani, kati ya gunia na pakiti. Aliinua macho akaangalia mapipa, akaangalia mizani, kisha akaenda kuchukua daftari la mauzo.

Pakiti kumi na tisa zilikuwa zimetoka. Alifunga pipa, akaandika USIUZE kwa chaki, akapanda baiskeli na mafua yake akaenda nyumba kwa nyumba kwenye mvua. Wenye simu aliwapigia kwanza waache kulisha hata kabla hajafika. Kila alipoingia alichukua pakiti, aliosha vyombo vya kulia kwa mikono yake, aliwaangalia sungura mmoja mmoja. Kabla ya jua kuzama alikuwa amerudisha kumi na nane. Ya mwisho ilikuwa ya mtu aliyesafiri, nayo ilirudi wiki iliyofuata haijafunguliwa. Sungura wa nyumba nyingine mbili walikuwa wameanza kususa chakula, wakapona. Wa fundi wawili walipona. Wawili walikufa, yule wa kwenye koti na mwenzake mweupe mwenye sikio moja lililolala.

Majibu ya maabara yalipokuja, meneja wa wakati ule alitusimamisha stoo sote kumi na wawili akauliza nani alijaza pipa. Mimi nilikuwa naangalia kucha zangu. Meneja akauliza mara ya pili, na safari hii akasema atakayepatikana, kama ni wa kutwa, asirudi kesho.

Wa kutwa tulikuwa wawili tu, mimi na mfagiaji.

Bwana Pua akasema, "Pipa ni langu. Pua ilikuwa imeziba, sikunusa."

Akapewa barua ya onyo, akavuliwa ukuu wa stoo, akarudishwa mlangoni kupokea mizigo. Fundi cherehani akaelezwa kwamba ni uzembe wa Bwana Pua. Nami nikanyamaza. Wakati ule nilikuwa nalea wajukuu watatu walioachwa na binti yangu, mdogo wao hajaacha kunyonya kidole. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yao. Labda ni kweli. Lakini haya yanayofuata hayakuwa kwa ajili ya mjukuu yeyote.

Haikupita wiki mbili, karani wa wakati ule akachelewa kutoa risiti, mteja akalalamika, nami nikasema kwa sauti, "Mwacheni, naye pua imeziba." Duka zima likacheka. Ule msemo mnaoutumia hapa kila mtu akikosea, mlioukuta ukitumika mkadhani umezaliwa na duka, ulitoka mdomoni mwangu. Niliuanzisha mimi, mwenye kosa, kumcheka aliyelibeba. Miaka mitatu baadaye kwenye mahafali ya binti wa Bwana Pua mtu mmoja wa hapa akaurusha pale mezani. Bwana Pua akatabasamu. Mkewe akaweka kikombe chini, hakukigusa tena. Nilikuwa nimekaa naye meza moja, na mimi pia nilikuwa nimecheka.

Je, alijua? Nilijidanganya kwa muda kwamba hajui. Lakini asubuhi baada ya ile barua ya onyo alikuja na makopo sita ya kuchotea, kila moja amelipaka rangi yake, akayafunga kwa kamba moja moja kwenye mapipa. Akaja mpaka kwenye mizani, akainama kama anayeangalia jiwe la kupimia.

"Bibi, kuanzia leo kila pipa na kopo lake. Kilichobaki chini kinatupwa. Tumeelewana?"

Nikamjibu, "Tumeelewana."

Akaenda zake. Hayo tu, kwa miaka kumi na moja. Hakunikumbusha hata kwa jicho. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Sasa hesabuni wenyewe alichofanya mtu huyo akiwa hana cheo. Tangu siku hiyo hajaumwa sungura hata mmoja kwa chakula kilichotoka hapa. Miaka mitatu iliyopita alikataa magunia arobaini ya toleo ambalo maduka mengine yalikuwa yameshalipokea, kwa sababu peleti moja ilipinda badala ya kukatika. Kiwanda kikapiga kelele, kikaleta mtaalamu wake mwenye koti jeupe, na mtaalamu akafungua la kumi na saba akalifunga haraka. Ukungu ulikuwa katikati, nje huoni kitu. Lile tangazo la kaunta ni mkono wake, na mtu asilibandue hata akishaondoka. Linasema mnyama akisusa chakula, akiharisha au akilegea, ondoa chakula chote; usikitupe, kifunge kwenye chupa na uandike tarehe; tunza mfuko na lebo yake; usimpe kuku wala mbwa ukidhani wao hakitawadhuru; osha vyombo; mpeleke mnyama kwa daktari leo; halafu tuambie, ili tuwaambie wengine. Hilo la mwisho alilipigia mstari mara mbili. Nimelipita kila asubuhi kwenda kwenye mizani yangu.

Wiki iliyopita niliingia kwa meneja wetu wa sasa, nikafunga mlango, nikasema yote. Yeye alikuwa bado shule mambo haya yakitokea. Akaniuliza kwa nini sasa. Nikamwambia kwa sababu Ijumaa faili la mtu linafungwa, na ndani kuna barua yenye jina lake mahali pa jina langu. Akafikiri, akasema barua itatolewa, na maelezo yangu yatawekwa yakiwa na sahihi. Akaniuliza kama nataka kuyaandika pia kwenye karatasi hii ya sherehe, mbele ya watu wote na familia ya Bwana Pua. Nilitaka kusema hapana. Mkewe atakuwepo. Wajukuu zangu wakubwa watakuwepo, wananijua kama bibi anayewagombeza wasidanganye.

Nikaenda stoo kumwambia mwenyewe, asije akashtuka mbele za watu. Alikuwa anamwonyesha mrithi wake namna ya kupanga chupa. Nilisubiri mrithi atoke, nikasema nilichokuwa nacho, nikaongeza kwamba nitaandika. Alisikiliza mpaka mwisho huku anafuta vumbi kwenye chupa moja. Nilitegemea atasema amesamehe, au atasema nimechelewa. Lolote kati ya hayo ningelipokea.

Akauliza, "Na fundi cherehani umemwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Wala sikuwa nimemfikiria. Nilishughulika na jina lake na jina langu, nikamsahau aliyezika. Na Bwana Pua alikuwa hajamsahau. Ndipo aliponieleza kwamba kwa miaka yote hiyo, kila wakikutana njiani, yule mama huvuka upande wa pili wa barabara asimsalimie, na yeye humpisha.

Jumamosi nikaenda karakana. Alikuwa anashona, hakusimamisha mashine. Hakuna sungura mle ndani siku hizi, wale wawili walizeeka wakafa kifo chao, na hakuchukua wengine. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Nilimweleza makopo matatu, foleni, dawa, na mtu aliyekwenda zahanati, na kwamba Ijumaa tunamuaga. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno.

Akaniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nikimkwepa mtu aliyepanda baiskeli kwenye mvua?"

Nikasema ndiyo.

Akaniuliza sherehe ni saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Akavuta kitambaa kingine, akakiweka chini ya sindano.

"Nitakuja. Sitakuja kwa ajili yako, Bibi."

Nikaaga, nikatoka.

Wafanyakazi wenzangu, ule msemo uacheni. Siombi, naagiza. Atakayeutamka tena humu ndani atanikuta, na nikiwa bado na nguvu za mdomo mnanijua.

Na wewe, Bwana Pua, kwa niaba ya duka zima nakushukuru kwa miaka thelathini na moja, kwa chupa zote, kwa magunia yote uliyoyarudisha, na kwa wanyama ambao hawakuumwa, ambao hakuna atakayejua idadi yao. Kwa niaba yangu mwenyewe sina la kukulipa. Wajukuu watatu wamekula na kusoma kwa kazi uliyoniachia. Nisamehe, mwanangu, ukiweza. Usipoweza, usijilazimishe ili mzee afurahi. Mungu akupe afya, mkeo akupe nafasi jikoni, na siku zako za kupumzika ziwe nyingi na tulivu. Hayo tunakutakia sote, na sisi tuliokukosea zaidi ya wote.

Ijumaa mstari wa pili, upande wa dirisha, atakaa mama mrefu mwenye miwani ya kamba. Kabla ya meneja, kabla ya cheti, kabla ya picha, nenda umsalimie yeye. Mimi nitakuwa nyuma karibu na mlango, na nitasubiri zamu yangu.